Waya Usivuke Mlango Ule

Wewe unayesoma hapa, umewahi kumfanyia mtu kazi bure mpaka ukajikuta wewe ndiye unayemwambia asante?

Beatha aliwahi. Degree ya kompyuta, upper second, picha ya joho ukutani kwa mama yake kule Lukozi, na huu ni mwaka wa pili anajitolea katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa mboga, Lushoto mjini. Kujitolea, ndilo neno lao. Unachemsha chai, unachapa barua, unarekebisha simu ya mke wa bosi, halafu unaambiwa unapata experience.

Ofisi ilikuwa majengo mawili yaliyoshikana. La zamani lilikuwa la mawe, tangu enzi za Mjerumani, na kompyuta zake ziliunganishwa kwa waya. Jipya lilitumia Wi-Fi. Mitandao hiyo miwili haikuonana kabisa. Karani wa jengo jipya akitaka taarifa za mkulima zilizo jengo la zamani, mlango wa kati haufunguliwi, hivyo anazunguka nje na flashi mkononi, ukungu unamlowesha.

"Iunganishe kabla ya kikao cha bodi Ijumaa," alisema meneja Tobia, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata siku ya gulio. "Bodi wakiona, nakupendekeza. Ajira ya kudumu, binti yangu."

"Nipitishe waya mmoja tu hapa chini ya mlango wa kati, bosi, saa moja nimemaliza."

"Waya usivuke mlango ule." Alishusha sauti. "Tumia software. Si ndicho mlichosomea?"

Beatha akachukua kompyuta moja yenye tundu la waya na yenye kunasa Wi-Fi, akaiweka jirani na mlango, akachagua miunganisho yote miwili kwa pamoja, akabofya. Network bridge, daraja la mitandao. Dakika mbili. Miaka minne ya chuo, mkopo wa elimu ya juu, na kazi yenyewe dakika mbili. Sasa kompyuta za pande zote zilionana kama zimo chumba kimoja.

Ila orodha ilionyesha moja ya ziada. Jina lake: ANORD.

"Mama Salama," alimwuliza mhudumu aliyekuwa akipiga deki, "Anord ndiye nani?"

Mama Salama akaweka ndoo chini taratibu. "Jina hilo kakwambia nani, mndee, binti yangu?"

"Liko kwenye kompyuta."

"Basi usilisome kwa sauti."

Mchana huohuo, watu wamekwenda kula, ikaja harufu: sweta la sufu lililolowa mvua, na moshi wa mkaratusi. Printa ya jengo jipya ikajiwasha. Ikatoa karatasi moja. *Yah: Kukumbushia ombi la ajira. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kukumbusha kwamba huu ni mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea.* Sahihi: Anord. Beatha akacheka kidogo, akidhani ni utani wa makarani. Ikatoka ya mwaka wa pili. Ya tatu. Hakucheka tena.

Jumatano alisikia vitufe vya kompyuta vikigongwa upande wa mawe, chumba kimefungwa kwa kufuli na ufunguo anao yeye mfukoni, vikigongwa bila pupa, kama mtu mwenye kazi nyingi na asiye na pa kwenda, na kila vilipotulia kidogo alisikia kikohozi, kikavu, cha mtu anayejizuia asisumbue wenzake, kisha vikaanza tena, na kwenye kioo cha kompyuta yake mwenyewe, mikono yake ikiwa imekunjwa mapajani, taarifa za wakulima zikawa zinajijaza, jina kwa jina, bila kosa hata moja.

Alimfuata Mama Salama jikoni.

"Alijitolea miaka saba," mama yule alinong'ona. "Msimu wa baridi kifua kikambana, akaogopa kuomba ruhusa, wasije wakampa mwingine nafasi. Tulimkuta amelalia kibodi. Kwenye shada wakaandika 'mtumishi wetu mpendwa'. Siku hiyo ndiyo alikuwa mtumishi. Alipoanza kutembea baada ya mazishi, bosi akamleta mganga kwa siri, mlango ukazindikwa asivuke. Mganga akasema waya usipite."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Mzee wa kanisa akwambie amezindika ofisi? Wewe nawe."

Alhamisi Mama Salama akamwingiza Bibi Mwanamisi, mganga mwenyewe, kwa mlango wa nyuma. Meneja akamwona, akamwambia, "Karibu mteja," kama vile hawajuani.

"Nilisema asipate njia," Bibi alimwambia.

"Waya haukuvuka, bibi. Tumetumia software."

Bibi akauonyesha mlango kwa kidole. "Huyu si jini. Jini ningemwuliza, akataja ubani, kitambaa, kuku mwekundu, tukamalizana. Huyu anataka barua ya ajira. Mpeni, au bomoeni hilo daraja leo."

"Bodi ni kesho," meneja alisema. "Halibomolewi."

Printa ikalia nyuma yao. Beatha akaichukua karatasi. *Huu ni mwaka wangu wa saba wa kujitolea.* Jina la chini halikuwa Anord. Lilikuwa lake, na sahihi ilikuwa yake, na wino bado mbichi ukampaka kidoleni.

Ijumaa bodi walipiga makofi. Meneja akasimama, akasema kijana wetu huyu anajitolea kwa moyo, tuzidi kumpa nafasi ya kujifunza. Neno ajira halikutoka. Beatha akainuka, akazipanga zile barua mezani mbele yao, moja moja. Upande wa pili wa mlango vitufe vilikuwa vikigongwa, na wote walivisikia. Kisha vikanyamaza, kama mtu ameacha kazi ili asikilize.

"Daraja sibomoi," alisema, "na nywila ninayo mimi. Waheshimiwa, andikeni barua mbili za ajira. Ya Anord itangulie, na tarehe yake iwe siku aliyoingia kazini. Andikeni sasa hivi, mbele yake."