Mke wa Utani

Leonsi alikuwa ameketi jikoni akisubiri uji wa ulezi, moshi ukamwingia jicho la kulia, akalifumba. Papo hapo kitenge chekundu cha mkewe kikabadilika rangi. Kikawa kama chai ya nyumba yenye majani kidogo na wageni wengi.

"Mama Marsiana, hicho kitenge umekitia jiki?"

"Kipya hiki. Ulininunulia mwenyewe Tunduma," alisema Albina. "Au ulimnunulia mwingine, umechanganya?"

Leonsi akalifumbua jicho: chekundu. Akalifumba tena: chai. Akacheka, maana kucheka alikujua kuliko kuuza samaki. Aliwahi kuendesha malori mpaka Lubumbashi, akalala kwenye kila mpaka, na katika safari zote hizo alichorudi nacho Malangali ni tumbo linalomtangulia mlangoni na mdomo usio na breki. Siku hizi alichuuza migebuka, aliyoifuata Wampembe, kule chini ziwani.

Alipogeuza macho kumfuata mkewe, jicho la kushoto lilimuuma kwa ndani, kama kuna mtu analivuta kwa uzi kutokea kisogoni. Na jikoni mle, huku juu kwenye baridi, kukanuka ziwa. Si samaki. Samaki ndio waliokuwa manukato ya nyumba ile. Ilikuwa harufu ya majani ya majini, ya mawe yenye utelezi, ya nguo mbichi.

Siku zilizofuata likaja doa. Kila alipolenga kwa jicho la kushoto, doa la kijivu lilikaa palepale alipolenga. Akitazama mlango, mlango umetoboka. Akitazama jogoo, jogoo hana kichwa. Hayo angeyavumilia. Lakini akimtazama Albina aliona kilemba, aliona hereni, aliona mabega, uso haupo. Na mlangoni doa lilikuwa doa tu. Usoni kwa Albina, doa lilikuwa na macho.

Hata jicho la kulia halikulishinda doa hilo; ili amwone mkewe ilimbidi atazame pembeni kidogo, na mke mwenye wivu hapitwi na jambo kama hilo.

"Mbona siku hizi unaongea na sikio langu?" Albina alimuuliza mchana mmoja, umeme umekatika, mvua inanyemelea. "Uso wangu una nini? Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu, mama Marsiana."

Tap. Tap. Nguo ikipigwa juu ya jiwe. Uani hapakuwa na mtu, wala jiwe.

"Umesikia?" Leonsi alinong'ona.

"Nimesikia," Albina naye akanong'ona. "Sema sasa. Ulifanya nini huko chini?"

Ikabidi aseme. Kwa Leonsi, kila mwanamke wa kabila lenye utani na Wafipa wenzake alikuwa "mke wangu", na wote walimlipa matusi matamu: mume gani wewe, na mimba hiyo! Ndio utani wenyewe. Mtani hakasiriki, na mtani hakubali. Basi alasiri ile Wampembe alimkuta mwanamke amesimama majini mpaka kiunoni, anafua kwenye jiwe, naye bila kuuliza kabila akampazia sauti: "Mke wangu! Na zangu umefua?" Yule mwanamke hakutukana. Aliinua kichwa akajibu taratibu, kama mtu anayemjibu padri mbele ya altare: "Nimekubali." Leonsi alicheka mpaka kwenye gari. Alikuwa kwenye kona za mlima, anapandisha, ndipo alipokumbuka kwamba zile nguo alizokuwa akizipiga yule mwanamke zilikuwa kavu.



"Mdomo wako, baba Marsiana. Mdomo wako ungeuzwa kwa kilo tungekuwa na ghorofa." Akajifunga kitenge upya. "Awe jini, asiwe jini, hilo jicho ni la kwangu, nimelifungia ndoa. Twende hospitali."

Daktari wa macho, kijana mpole aitwaye Meshack, alimpa shikamoo kisha akamshikia kizibo chekundu cha soda. Jicho la kulia: chekundu. La kushoto: chai. Akamulika tochi jicho la kulia, mboni zote mbili zikasinyaa. Alipoihamishia la kushoto zikatanuka, kana kwamba mwanga wenyewe ulikuwa giza.

"Mzee, jicho ni zima," alisema. "Kilichovimba ni mshipa wa fahamu nyuma yake, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Ndiyo maana linauma ukiligeuza, na nyekundu inapauka. Wengi hupona, ila polepole. Tutakulaza, tukupe dawa ya uvimbe kwa dripu, iharakishe. Halafu utakwenda Mbeya wakupige picha ya kichwa, tujue chanzo."

"Na doa kuwa na macho, dokta?"

"Ubongo ukinyimwa picha, wakati mwingine unachora ya kwake."

Leonsi alilipenda jibu hilo. Alilishika kama blanketi.

Lakini alasiri, mvua ilipolishukia bati la wodi na watu wengine wakajifunika gubigubi, ile harufu ilipanda kutoka chini ya kitanda, na ile sauti ya nguo kavu juu ya jiwe ikaanza, ikisogea, ikilingana na matone ya dripu, tone na pigo, tone na pigo, mpaka Leonsi akashindwa kujua kipi kinaingia mshipani mwake, na alipomgeukia Albina amshike mkono, lile doa lilikuwa limeshakaa usoni kwa mkewe, likiwa na macho, na sasa likiwa na mdomo, nao ukasema, taratibu, kwa upole wa mtu aliyesubiri sana: "Mume wangu hatazami mwingine."

Albina hakuona mdomo wowote. Aliona mumewe akimtazama sikio tena, aliona maji yakitambaa sakafuni kuelekea ndala zake. Akasimama.

"Wewe!" alisema kwa sauti ya chini, inayokwaruza. "Ndoa yangu ilitangazwa kanisani Jumapili tatu. Mwenye pingamizi aliambiwa aseme. Ulikuwa wapi? Huyu nimemvumilia na tumbo lake na vichekesho vyake, leo uje umchukue akiwa mzee? Kama ni wivu, huniwezi. Mwache yeye. Malizana na mimi!"

Mvua ikaendelea. Sauti ikakoma, harufu ikakatika kama mlango umefungwa. Albina akaketi, anahema, akamfuta mumewe jasho kwa pindo la kitenge.

Leonsi peke yake ndiye aliyelisikia lile neno, dogo, karibu na sikio: "Nimekubali." Akajiambia ni dripu. Hakumwambia mkewe. Kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza, na akakosea siku ya kunyamaza.

Uso wa Albina ulirudi vipandevipande: nyusi, kisha pua, kisha lile pengo la jino analoficha akicheka. Leonsi akalia, akasingizia dawa. Hata Mbeya walipopiga picha ya kichwa hawakuona kibaya. Nyumbani, kila asubuhi kabla ya uji, Albina alimfunika jicho la kulia na kumshikia kizibo cha soda.

"Rangi gani?"

"Nyekundu, mwalimu."

"Umefaulu."

Asubuhi moja moshi ulipanda jikoni, Albina akafumba jicho moja, kizibo kingali mkononi. Akakitazama. Akakisogeza karibu, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Baba Marsiana," aliita polepole. "Hiki ndicho kile kile?"

"Ndicho. Kwani vipi?"

Albina aliinua kichwa amtazame, akapepesa, akamtazama sikio.

"Nani huyo," alinong'ona, "aliyekaa usoni kwako?"