Mwandiko Mkubwa wa Théophile

"Huyu mwanamuke anaitwa nani?"

Théophile alisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwanamuke gani, Mama Elikia?" alimuuliza mkewe.

"Sema kwa nguvu, sisikie kintu! Huyu mwenye aliandika ile karatasi ulinitumia mu simu. 'Fidélie, haukukosa kintu, nakupenda.' Maherufi makubwa makubwa! Miye najua maandiko yako. Weye unaandika ndogo kama busisimizi."

"Ni miye niliandika."

"Na hii 'nakupenda'? Miaka makumi mbili mu nyumba yako sikuisikia hata siku moya. Jumamosi mujomba Casimir anakuja na mbuzi. Tunarudisha dot, ile mahari ulitoa. Kisha umuoe huyo mwandikaji yako."

Simu ikakatwa. Théophile alibaki ameketi pale mtaani Shituru, mlangoni pa nyumba yake, na uso wake haukuonyesha lolote. Hapo ndipo penye mkasa wenyewe.

Miaka miwili nyuma, Fidélie alikuwa akimtania mumewe hacheki. Akimwekea bukari, ule ugali wa kwao, na samaki anaowapenda, anakula bila neno. Sauti yake ikapungua. Mwandiko nao ukapungua. Kiwandani alikokuwa akiandika daftari la zamu, wakubwa wakaanza kulisoma kwa kuinama. Dalili ya mvua ni mawingu, na Fidélie kila alipotazama aliona mawingu matupu. Akaona hapendwi tena, akafunga mizigo, akaenda kwa mjomba wake Casimir, mjini Kambove.

Kutoka huko alituma ujumbe mmoja: "Baba Elikia, nikikuchekea hauncheke. Miye nilikosa nini?"

Théophile alitaka kujibu mengi. Lakini vidole viligonga herufi zisizo zake, akafuta, akaanza upya, akafuta tena. Baada ya dakika ishirini akachoka, akatuma neno moja: "Hakuna."

Neno hilo ndilo lililovunja nyumba.

Mwaka uliofuata, daktari mmoja wa Lubumbashi alikipa kitu kile jina: Parkinson. Ugonjwa wa ubongo. Unapunguza mwendo, sauti, mwandiko, hata tabasamu. Théophile hakumwambia mkewe. Aliona heri aitwe mume mbaya kuliko mume mgonjwa, na kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe. Ugonjwa usisingiziwe.

Alipewa kine, yaani mtu wa kumfundisha mazoezi ya mwili, msichana anayeitwa Sephora. Sephora alimpa daftari lenye mistari iliyoachana vidole viwili. Ukurasa mmoja kila siku, herufi zijae mstari. Théophile hakuwa na cha kuandika, basi akawa ananakili ujumbe wa zamani wa Fidélie kutoka kwenye simu. "Leta sabuni." "Umefika?" "Elikia anakusalimia." Siku moja akafika kwenye "Miye nilikosa nini?" Swali alilolisoma zamani kwa sekunde mbili sasa lilimchukua dakika kumi, na kila herufi ilimuuma. Akaandika jibu, akalipiga picha, akatuma. Mengine mmeyasikia.

Alhamisi Sephora alimkuta hajaandika hata mstari.

"Papa Théophile, ukurasa ya leo iko wapi?"

"Bibi yangu anazania iko mwanamuke mwenye ananiandikia."

Sephora akacheka hadi akashika mlango.

"Nimupigie simu? Nimueleze?"

"Ukimupigia, njo imekwisha kabisa. Atasikia sauti ya mwanamuke."

"Bon. Alors muandikie mbele ya macho yake. Unakumbuka nilikuambia nini juu ya bongo?"

"Barabara."

"Voilà. Ugonjwa haiishe, sitakudanganya. Ile barabara ya zamani mu bongo, kwenye mukono ilikuwa inapita bila kufikiri, imeharibika. Ukiandika kubwa kila siku, na akili yote, bongo inajifunza kupita pembeni. Mais ukichoka, mukono inarudia ndogo ndogo. Pale usimame, uanze tena."

"Na nikichoka mbele yabo?"

"Utachoka, Papa. Andika tu."

Jumamosi saa tano gari lilisimama. Alishuka mzee Casimir akivuta mbuzi, nyuma yake Fidélie, kanga ameifunga kwa hasira.

"Mukwe, hatukukuja kuketi," Casimir alisema. "Kamata kamba."

"Ngoja kidogo, mujomba." Fidélie aliweka karatasi mezani. "Baba Elikia, kamata bic. Andika: 'Hakuna mwanamuke mwingine mu hii nyumba.' Miye naangalia."

Théophile akaandika. "Hakuna" ikatoka kubwa, imesimama vizuri. "Mwanamuke" ikafuata, jasho likimtoka. Kwenye "mwingine" mkono ukachoka. Herufi zikaanza kusinyaa, na zilipofika "nyumba" hata mwenye miwani angezikisia tu. Moyo wa Théophile ukazama. Uso ukabaki vilevile.

"Unaona?" Casimir akapiga makofi. "Ile karatasi ya simu haifanane na hii. Muongo! Twende."

Fidélie hakwenda. Aliinama juu ya karatasi, akafuata maneno kwa kidole, kutoka lile kubwa la mwanzo hadi lile dogo la mwisho. Mwanzo ulikuwa ni ile barua. Mwisho ulikuwa ni mumewe.

"Mujomba, ni mukono moya," alisema taratibu. "Baba Elikia, hii ni nini?"

"Ugonjwa ya bongo. Parkinson. Niko najifunza tena kuandika."

"Tangu lini?"

"Ilianza mbele haujaenda. Sikujua. Kisha nilijua, nikakuficha."

Fidélie akapiga meza.

"Ulinificha! Miaka mbili nalala nikijiuliza nilikosa wapi! Nilijiangalia mu kioo nikasema pengine nimezeeka! Na weye unajua!"

"Pale nilikosa miye. Ugonjwa haikunituma."

Alisema bila kutetemesha sauti, kwa sababu sauti yake haikuweza, na Fidélie akayatafuta majuto hayo usoni asiyaone.

"Sasa niko hapa mbele yako. Juu ya nini sura yako haiseme kintu?"

"Sura nayo imekamatwa. Lakini ndani niko nacheka."

"Unacheka tangu lini?"

"Tangu ulishuka mu gari."

Fidélie akaketi. Akalia kwa sauti, bila kujificha, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukiombolezea.

Mzee Casimir alikohoa.

"Na mbuzi? Miye sirudie nayo ku Kambove. Mu gari ilininyia mu viatu."

"Tutaichinja, mujomba. Dot ikiliwa na bantu ba pande mbili mu kiwanja moya, nani ataidai tena?" Fidélie akasema, akijifuta machozi.

Casimir alifikiri, akaona shauri hilo lina nyama ndani yake, akaomba kisu na maji ya kuoshea viatu.

Fidélie akasimama, akaushika kwa mikono miwili uso ule usiosema kitu, akautazama kwa karibu, akacheka kwa niaba ya wote wawili.