FUNGA Imetua Mkiani

"Umeruka wapi, shemeji? Lori limeshawasha injini na geti bado linasema PITA," Nyuki alinong'ona.

Kwenye redio, mdogo wa mumewe, fundi wa programu wa idara yao ya upelelezi, aliapa kuwa hajakosea. fseek yake, amri ya kuruka ndani ya faili, ilikwenda moja kwa moja hadi rekodi ya lori lile, ikaandika FUNGA.

Nyuki akatupia jicho skrini. Alikuwa kwenye chumba cha ulinzi cha bohari, mlinzi akiwa kafungwa pingu chini ya meza, bastola yake ya Glock kando ya kibodi.

Dirishani aliwaona wahuni wa magendo wakijaza chupa za dawa ya kikohozi ya watoto. Mmoja alinawa miguu kwenye beseni, kisha akachota humo humo maji ya kujazia chupa.



Akafungua faili la geti, lenye orodha ya malori. FUNGA ilikuwa imening'inia mwisho kabisa, chini ya malori yote.

"Umelifungua kwa herufi gani?"

"a."

"Loo, shemeji. Kwa a ruka utakavyo, ukiandika tu, neno linakwenda mkiani."

Fundi akapendekeza w. Nyuki akasonya. w ingefuta faili zima, na geti lile likikuta faili tupu hujifungua lenyewe.

"Basi r na alama ya kujumlisha, mama," fundi akanywea. "Hiyo inaandika pale pale uliporukia."

Sauti ya tatu ikaingia. Mkuu wa idara.

"Acha. Lori liende. Tutalifuata hadi kwa wanunuzi wakubwa."

"Na chupa zitakazouzwa njiani?"

"Chache zitapotea. Ndiyo kazi."

Chache. Alilitamka kama mtu anayehesabu maganda ya karanga. Nyuki alimtazama yule wa beseni, akakumbuka vifua vya watoto vinavyokoroma, na mama anayepima kijiko kwa uangalifu. Hakujua nani anamtia kinyaa zaidi.

Akamwambia fundi awaite polisi wa doria. Kisha akazima redio.

Kwenye programu ya fundi, aliyokuja nayo kwenye flashi, akafuta a, akaweka r+. Akajenga programu upya. fseek ikahesabu kutoka mwanzo wa faili, ikavuka rekodi za malori mengine, ikatua kwenye rekodi ya lori la wahuni.

FUNGA.

Geti la chuma likashuka mbele ya pua ya lori. Breki zikalia. Dereva akapiga honi kama mwehu, na nje ya geti ving'ora vya polisi vikaanza kukaribia.

Nyuki akachomoa flashi, akachukua bastola, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kukimbia.