Kapasita Mbili Nyepesi

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alivua sare, akanawa miguu, kisha akaenda chumba cha mbele kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kutulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alifanya kazi mbali, kwa hiyo aliishi na dada wa baba, na huyo dada alikuwa fundi wa vyombo vya umeme.

Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja ndefu iliyojaa alama za kuungua. Sisimizi aliokota skrubu zilizodondoka na kuzipanga kwenye mikebe, alifagia vipande vya waya, na alishika taa pale Shangazi alipotaka kuona mahali finyu. Shangazi hakuwa mtu wa maneno matamu. Wateja walimwogopa, lakini walirudi. "Mdomo wake pilipili, mkono wake dawa," walisema wakishafika mbali.

Siku moja ya Jumanne mwanamke mmoja mnene aliingia bila hodi wala salamu. Alikuwa mfugaji wa kuku wa mtaa wa pili, watu wakimwita Mama Vifaranga. Sisimizi alimwamkia, lakini yeye alikitua tu kisanduku cha chuma juu ya meza kwa kishindo.

"Mashine yangu ya kutotolea mayai inazima na kuwaka, inazima na kuwaka," alisema. "Mayai mia na ishirini yako ndani ya mablanketi sasa hivi. Leo yana siku kumi na mbili. Nataka kitu hiki kabla jua halijazama."

"Kwanza hujaitikia shikamoo ya mtoto," Shangazi alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Tengeneza."

Kisanduku kile kilikuwa pawasapulai, yaani kifaa kinachopokea umeme mkali wa ukutani na kuufanya umeme mpole unaofaa mashine. Shangazi alifungua skrubu nne. Kabla ya kugusa chochote aliutoa umeme uliobaki ndani, kwa sababu pawasapulai huweza kumpiga mtu hata ikiwa imechomolewa. Kisha akamwita Sisimizi aangalie.

"Unaona nini?"

"Kapasita mbili zimevimba vichwa, Shangazi. Kama shavu la mtu mwenye jino bovu."

"Ndizo. Kazi yake ni kuutuliza umeme usiyumbe. Zimechoka." Shangazi aliandika vipimo vya kapasita mpya kwenye kipande cha karatasi: maikrofaradi 2200, volti 25, digrii 105, mbili. "Nenda kwa Mzee Ndimu. Usiende kwingine. Kimbia."

Sisimizi aliichukua karatasi bila haraka. Mzee Ndimu ndiye aliyekuwa na duka la vipuri nyuma ya soko. Uso wake ulikuwa umekunjamana saa zote kama mtu aliyelamba ndimu, na ulimi wake ulikuwa mchungu kuliko uso. Yeye na Shangazi walijifunza ufundi kwa mwalimu mmoja zamani, wakagombana, na tangu hapo hawakusalimiana ila kwa lazima. Hata hivyo, Shangazi hakununua kapasita kwa mtu mwingine. "Simpendi," alizoea kusema, "lakini vitu vyake navipenda."

Tatizo la Sisimizi lilikuwa jingine. Wiki moja kabla, alikwenda dukani humo akasahau volti aliyoagizwa. Mzee Ndimu alimfokea mbele ya wanafunzi wenzake waliokuwa wakipita. "Kichwa hicho umepewa cha kufugia nywele tu?" alimuuliza. Wenzake walicheka hadi wakashika matumbo. Wiki nzima darasani walimwita Kichwa cha Nywele.

Alipofika kwenye kona ya soko aliwaona wasichana wawili wa darasa lake wamesimama karibu kabisa na mlango wa Mzee Ndimu. Alisimama. Upande wa pili wa barabara, mchuuzi mwenye kofia ya majani alikuwa amepanga chaja, betri na vipuri juu ya meza ya mbao. Sisimizi alimwonyesha karatasi.

"Hizi hapa, binti yangu," mchuuzi alisema, na wala hakumfokea. Akampa kapasita mbili zinazong'aa. Sisimizi alisoma maandishi: 2200, volti 25, digrii 105. Kila kitu sawasawa. Namba ni namba, alijiambia, akazifunga mkononi na kurudi mbio.

"Za Ndimu?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi alizipokea, akazipimapima kiganjani. "Mbona nyepesi?"

"Ndizo alizonipa."

Mama Vifaranga aligonga meza kwa kidole. "Mnazungumza au mnatengeneza? Mayai yangu yanapoa!"

Shangazi aling'oa kapasita za zamani na kuzilehemu mpya, akiangalia mstari unaoonyesha upande wa hasi ukae mahali pake. Mita yake ya kupimia umeme ilionyesha volti kumi na mbili. Aliwasha taa ya majaribio, ikang'aa bila kutetemeka. Mama Vifaranga aliondoka kama alivyokuja, bila kuaga.

Siku ya kwanza Sisimizi hakula vizuri. Siku ya pili alisahau kidogo. Siku ya tatu alijiambia kwamba kama kungekuwa na ubaya wowote, ungekwisha kuonekana.

Jumamosi asubuhi alikuwa akifua uani aliposikia kelele mbele ya nyumba. Alipochungulia, aliona majirani wamekusanyika. Mama Vifaranga alikuwa katikati yao, khanga imemshuka begani, pawasapulai mkononi.

"Fundi gani huyu!" alipiga kelele. "Njooni mwone fundi wenu! Nimeamka mashine ni baridi kama kaburi! Vifaranga vyangu vinakufa ndani ya maganda, vina macho tayari, vina manyoya!"

"Ingia ndani tuzungumze," Shangazi alisema.

"Siingii! Ulinikunjia uso hapa ukajifanya unajua. Hujui! Kaoshe vyombo, uache kazi za wenyewe!"

Mtu mmoja kwenye umati alicheka. Shangazi alimtazama mpaka akanyamaza. Kisha alichukua kisanduku, akakifungua palepale kizingitini. Zile kapasita mbili mpya zilikuwa zimevimba, na moja ilikuwa imepasuka, ikitoa maji ya kahawia yaliyonuka kama samaki aliyeoza.

Shangazi alisimama polepole. "Ndimu," alisema kwa sauti ya chini. "Leo ndiyo leo."

Alivaa viatu na kuondoka. Mama Vifaranga alimfuata, na majirani wanne watano wakamfuata Mama Vifaranga. Sisimizi naye alikwenda nyuma yao, mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Alitaka kusema, lakini Shangazi alikuwa mbele, hageuki.

Dukani, Shangazi alikibwaga kisanduku juu ya kaunta. "Unaniuzia takataka siku hizi? Ugomvi wetu umekufikisha hapo, uniharibie jina kwa watu?"

Mzee Ndimu alivaa miwani, akatazama mara moja tu. "Hizi si zangu."

"Ni zako!"

"Nimeuza vipuri tangu wewe unachoma vidole kwa lehemu. Nazijua zangu. Toka dukani kwangu."

"Nimemtuma mtoto, kaja kwako, karudi nazo!"

"Basi mtoto wako mwongo."

Shangazi aliinama juu ya kaunta mpaka uso wake ukakaribia wa yule mzee. "Nitukane mimi, nimezoea. Mtoto wangu usimguse. Mtoto wangu hasemi uongo."

Maneno hayo yalimchoma Sisimizi kuliko kelele zote za asubuhi ile. Angepigwa, angefokewa, angestahimili. Lakini kutetewa namna ile hakuweza kukustahimili. Akapenya katikati ya watu wazima hadi mbele.

"Shangazi, nilisema uongo," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia kwa nguvu zaidi. "Sikuja hapa. Nilinunua pale mezani kwa mchuuzi. Nilimwogopa Mzee, na wenzangu walikuwa mlangoni. Ulipouliza mbona nyepesi, nikasema uongo tena."

Hakuna aliyemwambia pole. Mama Vifaranga alipiga makofi mara moja na kusema, "Ahaa!" Shangazi hakumtazama Sisimizi hata kidogo. Alikuwa akimtazama Mzee Ndimu.

"Nimekukosea," alimwambia. "Nisamehe."

"Samahani yako ianike kwanza, bado mbichi," alijibu Mzee Ndimu. Alichomoa kapasita ile iliyopasuka kwa koleo, akalichana ganda lake la bati kwa kisu. Ndani ya kopo kubwa mlikuwa na kopo jingine dogo, limezungushiwa karatasi ili lisichezecheze. "Tazameni. Nje imevaa koti la mkubwa, ndani ni mtoto mchanga. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi."

Kisha akamgeukia Sisimizi. "Wewe. Njoo huku."

Alimwaga kapasita sita juu ya kaunta. "Chagua mbili. Ukikosea sikuuzii."

Sisimizi alizisogeza karibu. Alisoma maandishi ya kila moja. Mbili zilikuwa za volti 16; akaziweka kando, maana kapasita yenye volti chache kuliko ile ya zamani hupasuka. Moja ilikuwa ya digrii 85. Akaiweka kando nayo, kwa sababu pawasapulai ile ilifanya kazi karibu na joto. Zikabaki tatu zenye maandishi yanayofanana kabisa. Aligeuza hii, akageuza ile, asione tofauti.

Mzee Ndimu alikunja mikono akimsubiri akosee. Watu nyuma walianza kunong'ona.

"Mzee, hizi tatu sijui kuzitofautisha," alisema Sisimizi. "Naomba unifundishe."

"Ungeniuliza Jumanne, tusingekuwa hapa," alisema yule mzee kwa ukali uleule. Lakini alizisukuma kapasita mbele yake. "Pima kwa mkono. Ipi nyepesi? Hiyo. Sasa tazama maandishi yake, wino umepanda juu ya mstari. Mtengenezaji makini haandiki ovyo hivyo. Hiyo nilimnyang'anya tapeli mmoja, huwaonyesha mafundi. Chukua hizo mbili na uniondokee."

Walirudi nyumbani, Mama Vifaranga akiwafuata. Shangazi alizipima zile kapasita kwa mita, moja baada ya nyingine, kabla hajazilehemu. Aliiwasha pawasapulai kwa taa kubwa ya majaribio, akaiacha iwake hadi ganda likapata moto, kisha akapima tena. Volti hazikuyumba. Mama Vifaranga alikaa kitini muda wote, akimtazama Sisimizi kama mtu anayemtazama panya ghalani.

"Unaenda naye," Shangazi alimwambia Sisimizi. "Utakaa kwake mpaka kipimajoto kifike mahali pake. Na kila siku ukitoka shule utakwenda hapohapo, umfanyie atakachotaka, hadi mayai yatotoe."

"Simtaki nyumbani kwangu," alisema Mama Vifaranga.

"Utamchukua. Mimi nimekosa kwa kutopima, yeye amekosa kwa kudanganya. Mimi sikulipishi kitu. Yeye atalipa kwa mikono."

Siku tano Sisimizi alikwenda. Alijaza maji kwenye sahani za mashine, aliandika joto kila baada ya nusu saa, alisafisha banda. Mama Vifaranga hakumpa hata kiti. Siku ya sita maganda yalianza kupasuka. Vifaranga themanini na vinne vilitoka, vimelowa, vikilia. Mayai thelathini na sita hayakupasuka. Mama Vifaranga alimkabidhi ndoo na jembe.

"Yachimbie nyuma ya banda," alisema. "Moja moja. Ukiyatupa yote mara moja hutajua ni mangapi."

Sisimizi aliyafukia moja moja. Alipomaliza, machozi yalikuwa yamekauka usoni pamoja na vumbi. Mama Vifaranga alimtazama, akasema, "Nenda kwenu," kisha akafunga mlango.

Jioni hiyo Shangazi alikuwa mezani akifungua redio ya mteja. Sisimizi alisimama kando. Tangu Jumamosi walikuwa wakizungumza ya lazima tu.

"Shangazi, vimetoka themanini na vinne. Nisamehe."

Shangazi aliweka bisibisi chini. "Kaa."

Sisimizi akakaa.

"Umejifunza kuchagua kapasita. Vizuri, huo ni ufundi, na ufundi kila mtu huukosea kabla hajaujua. Ungerudi ukaniambia, 'Shangazi, nimemwogopa Ndimu, nimenunua mezani,' ningekufokea. Ningekufokea sana. Halafu ningechukua mita nikazipima, nikaona ni mbovu, tukazirudisha, na mayai yote yangepona. Kufoka kungekwisha kabla ya chakula cha jioni."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kapasita ya mchuuzi ilikuwa na maandishi mazuri nje na ndani haina kitu. Hiyo, mita yangu inaikamata. Lakini neno lako sikulipima. Sikulipima kwa sababu lilikuwa lako." Alisogeza redio kando. "Woga si dhambi, mwanangu. Ukiogopa, sema unaogopa. Ukiuficha kwa uongo, watakaoumia ni wengine, na wengi wao hata hawakujui."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa.

"Nitakuamini tena," Shangazi alisema, akiokota bisibisi. "Si leo. Sogeza taa hapa, sioni."