Mwali wa Pili

Jumamosi ile tangu asubuhi nilikuwa napepeta ufuta uani, na bibi yetu Mwantumu alikuwa kibarazani akichambua kunde na kunisimanga kwamba napepeta kama mtu anayefukuza inzi. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nayasimulia haya kwa sababu yalitukuta sisi, nyumbani kwetu hapa Nachingwea, na watu wa Ruangwa wanayasimulia vibaya, wakiyaongezea pembe na mikia. Hakukuwa na pembe wala mkia. Kulikuwa na kaka yangu Seifu na mdomo wake.

Seifu alikuwa mgonjwa wa sinema za zamani. Alianza kama utingo kwenye gari la sinema la serikali, lile lililokuwa likizunguka vijijini na kuonyesha picha za bure viwanjani. Gari lilipokufa kwa kukosa spea, yeye akabaki na njaa ya picha. Akapata projekta kuukuu iliyoachwa na wale wazungu wa mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, akaitengeneza kwa waya na dua. Kisha akaanza kukusanya mikanda. Mmoja aliufuata kwa baiskeli mpaka Kilimarondo. Mwingine aliupata Mtua, kwa mzee aliyekuwa ameumwaga kapuni na kutumia kopo lake kuwekea ugoro. Chini ya kitanda chake makopo ya bati yalijaa: vichekesho visivyo na sauti, wapanda farasi, Wahindi wanaoimba mvuani. Mama alikuwa akisema kwamba wenzake wana wake na watoto, yeye amelalia makopo.

Mkanda wa shari aliutoa Ruangwa, kwa Mzee Dastani, ambaye kabla ya vita vya Hitla alikuwa mpagazi wa mzungu mmoja mpima ardhi. Mzungu yule alitembea na kamera ya kuzungusha kwa mkono, na alipoondoka alimwachia mzee kopo moja. Seifu aliutazama ule mkanda peke yake, kisha akaja kunitafuta jikoni, macho yanamng'aa.

"Stumai," akaninong'oneza, "ni unyago. Wasichana wanatolewa porini, kule njia ya Ruponda. Hakuna mtu mwingine mwenye picha kama hii."

Nilimwambia aurudishe. Kwetu mambo ya unyago mwanamume hayatazami, hata awe mkubwa wa namna gani.

"Wamefunikwa kaniki kichwa mpaka miguu," akasema. "Mtu ataona nini? Nguo?"

Nilijua hatanisikia. Mtu aliyepata kitu cha pekee hasikii mpaka wenzake wakione.

Aliuonyeshea kwenye ghala la zamani la korosho, Jumamosi ile mchana, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magunia. Evodius, bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, ndiye aliyempa jenereta. Watu waliambiwa ni picha za Nachingwea ya kale, basi wakaja wake kwa waume. Bibi naye akaja, amejifunga khanga mpya aliyoipata kwenye mgao wa duka la kijiji, imeandikwa *Ya nyumbani usiyatoe nje*. Akaketi mkekani, mbele kabisa, anamwonea fahari mjukuu wake.

Ukutani ikatokea njia nyembamba na nyasi ndefu. Mwanamke mzima ametangulia, anaitazama kamera kwa hasira. Nyuma yake wasichana wanne wameinama, kila mmoja chini ya kaniki yake, mkono begani kwa mwenzake wa mbele. Wa pili alikuwa akiburuta mguu wa kushoto.

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Bibi aliungua mguu wa kushoto kwa uji alipokuwa mdogo, na mtaa mzima ulijua mwendo wake. Nilitamani ardhi ipasuke. Wanaume walikuwa wametuzunguka, wanatazama.

"Zima," Bibi akasema taratibu.

Labda Seifu hakusikia. Labda alisikia. Evodius, ambaye ni mgeni na hakujua lolote, akauliza kwa nia njema, "Huyo wa pili ni nani?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtoto akienda jandoni au unyagoni, jina lake la utoto linaachwa porini. Anarudi na jina jipya, na lile la kwanza halitamkwi tena, hata na mama yake mzazi. Kulitamka ni tusi linalozidi matusi ya nguoni. Seifu alilijua la Bibi kwa sababu kizee mmoja aliyechanganyikiwa aliwahi kumwita nalo mbele yetu tukiwa wadogo. Na bibi na mjukuu ni watani. Siku zote alimwita "mke wangu", akimwibia ugoro na kumcheka meno. Alidhani utani unafika hata huko.

Akalitamka. Alilitamka kwa sauti kubwa, kwenye kile kipaza sauti chake cha bati, huku akicheka. Akasema huyo ni fulani, mke wake yeye. Jina lenyewe silitaji hapa wala popote.

Wanaume wachache wakacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Mwali wa pili alikuwa amesimama.

Wenzake waliendelea kutembea. Nyasi ziliendelea kuyumba. Mkanda ulizunguka, nausikia. Yeye akageuka, kaniki imemfunika uso, akaelekea upande wetu, kama mtoto aliyeitwa ambaye hajui ameitwa kutoka wapi. Akapiga hatua moja. Akaburuta mguu.

Seifu aling'oa waya. Giza likatumeza. Na humo gizani nikasikia mguu unaburutwa juu ya sakafu ya simenti. Ulitoka ukutani. Ukaja mbele. Ukakoma mkekani.

Tulipofungua milango, Bibi alikuwa ameketi palepale. Alikuwa ananyonya kidole.

Jioni hiyohiyo Mama akamwita Bi Ashura, nyakanga, yaani kungwi mkuu anayewacheza wasichana wa mitaa yetu. Bi Ashura alimtazama Bibi muda mrefu bila kumgusa. Kisha akatutoa nje.

"Yule mtoto alikufa porini," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana ya kucheza mwali. Tunamwacha kule, anarudi mtu mwingine. Sasa mmemwita, na yeye amekuja. Bibi yenu anampisha kidogo kidogo."

Dawa yake haikuwa ngumu. Seifu apige magoti mle ghalani, mbele ya watu walewale, apakwe unga wa mtama kichwani, akiri kwamba amemtukana Mwantumu, na amwite Mwantumu arudi. Afanye hivyo upesi, kabla mtoto hajazoea.

Seifu aliinamisha kichwa. "Nitafanya, Bi Ashura. Lakini nifanyie chumbani. Mbele ya watu wote wale, na Evodius, na watu wa ofisini?"

"Kwani ulimtukania chumbani?" Bi Ashura akamuuliza.

Akasema kesho. Kesho akasema jenereta imeharibika, kana kwamba magoti yanatumia dizeli. Halafu akasema wiki ijayo. Nilimwona akikata kona ili asikutane na watu, na mimi mwenyewe nilianza kuteka maji kisima cha mbali, kwa sababu wanawake walikuwa wakinyamaza nikifika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulinuka nyumba nzima.

Bibi alikuwa akipungua. Ukimwita Mwantumu hageuki. Alichora mistari mchangani. Aliogopa kioo. Asubuhi moja nilipokuwa namwosha, aliinua mikono yake, akaitazama huku na huku.

"Dada," akaninong'oneza, "hii mikono ya nani?"

Nilimaliza kumwosha nikamvika.

Alikataa kula. Siku ya tatu ya kukataa, Mama alifunga mlango, akakaa naye chini, akamwita kwa lile jina. Bibi akafungua mdomo. Tangu hapo kila mlo ulikuwa hivyo: mlango unafungwa, Mama anamtukana mama mkwe wake ili ale, kisha anatoka na sahani analia. Seifu alikuwa nje, akasikia. Hilo ndilo lililomvunja.

Alizunguka nyumba kwa nyumba mwenyewe, akawaomba watu waje. Walikuja wote. Evodius alivua kofia. Seifu akapiga magoti kwenye ile simenti, Bi Ashura akampaka unga, na kaka yangu akalia mbele ya kadamnasi. Hakuna aliyemcheka. Aibu aliyoiogopa wiki zote zile haikuwapo hata kidogo.

"Mwantumu, bibi yangu, nimekuvunjia heshima. Nimekosa. Rudi."

Bibi alimkaribia. Mguu ukaburuta. Akaufuta ule unga kwenye paji la uso wake kwa kidole, akakilamba. Akacheka kicheko chembamba.

"Mwantumu ameshakwenda," akanong'ona. "Wenzake walikuwa wanamsubiri. Ameshika bega."

Bi Ashura akajifunika uso.

Tulimzika masika yaliyofuata. Pale kaburini shehe aliuliza jina la marehemu, apate kumsomea talkini. Seifu alinitazama, mimi nikamtazama Mama. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hatukujua tumemzika nani. Shehe alidhani ni majonzi, akasoma bila jina.

Tulipogawa nguo zake, khanga ya mgao haikuonekana. Tulitafuta sandukuni, kwenye magunia, darini. Nikasema labda imeibwa kambani.

Siku hiyo Seifu akawasha moto uani na kuleta lile kopo la Mzee Dastani. Hakutaka tena kukusanya chochote. Alivuta kipande cha mkanda, akakielekeza kwenye jua akitazame mara ya mwisho, kisha akaniita. Evodius alikuwapo, amekuja kutupa pole. Akatoa mfukoni ile lenzi yake ya kutazamia wadudu wa korosho, akanipa mimi.

Njia nyembamba. Nyasi. Wa kwanza chini ya kaniki. Wa tatu chini ya kaniki, na wa nne. Wa pili hakuwa na kaniki. Alikuwa kichwa wazi, mvi tupu, ametugeuzia mgongo, mkono begani kwa mwenzake, mguu wa kushoto umebaki nyuma. Nilisogeza lenzi. Kwenye pindo la nguo kulikuwa na maandishi. *Ya nyumbani usiyatoe nje.*

Seifu alichukua ndoo, akamwagia moto maji.

Kopo lipo mpaka leo, chini ya kitanda, peke yake. Yale mengine aliyagawa. Siku za kufagia mimi ndiye ninayelisogeza. Nalishika kwa mikono miwili, polepole, nisimwangushe.