Gari Lisilokula Oili

Mwaka ule Malkia mpya alipotawazwa kule Uingereza, bendera za karatasi zilikuwa bado zinaning'inia Barabara ya Morogoro, zimechujuka kwa mvua. Jioni moja, jua likielekea kuzama, Audax aliegesha Landrova yake mbele ya duka la Shomari, fundi na muuza oili wa Magomeni. Alishuka kwa maringo. Gari lilikuwa la mkono wa tatu au wa nne, lakini kwake lilikuwa ndiyo kwanza limetoka melini. Alikuwa ameacha ukarani ili abebe mkaa na muhogo kutoka Kimara mpaka Kariakoo, na hakutaka kusikia la mtu.

Mkewe, Kokuberwa, alibaki kitini kaziba pua kwa ncha ya kanga.

Huyu mwanamke alizaliwa na kinyaa chake. Sufuria iliyooshwa na jirani aliiosha upya. Maziwa yaliyoingia nzi aliyamwaga hata kama ndiyo ya mwisho. Na gari hili alilichukia tangu siku lilipoingia uani, kwa sababu viti vyake vilinata, na kila akivisugua kwa sabuni na maji ya moto, kesho yake vilinata tena.

"Shemeji, hushuki?" Shomari aliuliza.

"Niache hapa hapa, shemeji. Nikishuka nitatapika."

Shomari alicheka, akamgeukia mumewe. "Haya, Bwana Audax. Linakula oili?"

"Aliyeniuzia aliapa kuwa halili hata tone."

"Wote huapa hivyo." Akashusha makopo mawili kutoka kwenye rafu. "Injini imechoka hii. Ukiipa oili nambari thelathini, kwa joto letu itakuwa maji. Ipe arobaini. Kwenye giaboksi ni tisini, ile nzito. Ila lazima tumwage ya zamani kwanza, maana hatujui mwenzio alitia nini. Oili zisizojuana usizichanganye."

Akajilaza chini ya gari na spana yake. Nati ya ubavuni mwa giaboksi ililia mara mbili, ikalegea. Fundi aliingiza kidole kupima kina cha oili, akakichomoa upesi.

Alipotoka, kidole chake kilikuwa kimepakaa kitu cha manjano hafifu, kizito, chenye uvuguvugu. Oili ya gia hunuka kiberiti, kila dereva anajua. Hii haikunuka kiberiti.

"Bwana Audax..." Shomari alimeza mate. "Mbona yananukia biriani?"

Hakungoja jibu. Alikisugua kidole kwenye mchanga, akakisugua, akakisugua, mpaka ngozi ikachubuka. Audax naye alikuwa ameshainama na kuchovya chake. Alinusa, macho yakamlegea.

"Senene," alinong'ona. "Senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu nyumbani. Koku, njoo unuse! Miaka sijaonja senene..."

Akalamba.

Kokuberwa hakusikia biriani wala senene. Kilichomfikia pale kitini ni harufu ya shuka la mgonjwa aliyelala ubavu mmoja muda mrefu. Alifungua mlango akatema mate chini, na hakujali nani anamwona.

"Mie hili silimwagi," Shomari alisema, akirudi nyuma. "Chukueni ya injini, mwende. Na huko mlikolinunua mkaulize."

Audax hakuuliza. Njia nzima mpaka Kimara alikuwa anajilamba kidole kilichokwisha kuwa kikavu.

Baada ya hapo akaacha kula. Kokuberwa alipika ndizi kwa maharage, akapika samaki, akapika hata wali wa nazi ambao yeye mwenyewe hakuupenda. Sahani zilirudi zilivyokwenda. "Nimeshiba," Audax alisema kila jioni, na kweli alicheua kama mtu aliyeshiba. Lakini suruali alizifunga kwa kamba. Shingo ilikonda, pete ya ndoa ikaanguka yenyewe kidoleni wakati ananawa.

Kokuberwa akadhani ana mwanamke mwingine. Laiti ingekuwa mwanamke.

Jioni moja alikuwa anaanua nguo aliposikia sauti uani, nyuma ya gari.

Fyonz...

Fyonz...

Aliinama achungulie. Audax alikuwa amelala chali chini ya Landrova, nati iko mkononi, mdomo ameubandika kwenye tundu la giaboksi. Koo lilipanda na kushuka. Mafuta yalimchuruzika mashavuni, yakaganda kwenye ndevu. Alipoachia tundu ili avute pumzi, unywele mrefu mweupe, usio wake, ulining'inia kati ya meno yake. Aliuvuta taratibu kwa vidole viwili, akaunyonya ukatakata, kisha akautupa.

Kokuberwa alitapika papo hapo, juu ya nguo safi alizokuwa amezikumbatia.

"Usikasirike, mke wangu," Audax alisema kutoka kule chini, kwa sauti ya mtoto aliyebembelezwa. "Hata nile vipi, hayapungui."

Hayakupungua kweli. Aliyepungua ni yeye.

Asubuhi yake Kokuberwa alikwenda Temeke kumtafuta Bi Hija, mjane aliyewauzia gari. Alimkuta kakaa kibarazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Hija alimtazama, mchicha ukabaki mkononi. Hakuuliza habari za nyumbani. "Bado anatembea?"

Kokuberwa alijibu, "Anashika ukuta."

"Basi limekaribia kujaa." Mama yule alitupa jicho uchochoroni, akashusha sauti. "Marehemu mume wangu alilinunua kwa mtu wa Chanika. Naye alilinunua kwa mtu. Mwanzo wake nani aliufanya, na kwa uchawi gani, mie sijui, nisikudanganye. Kila muuzaji anasema halili oili, na hasemi uongo. Halili, mwanangu... Linalisha."

"Linalisha nini?"

"Kile mtu anachokitamani kuliko vyote. Halafu linajijaza kwa mwili wake. Mumeo anadhani anakula mafuta ya gari. Anajila mwenyewe."

"Na nikiyamwaga?"

"Mie niliyamwaga. Pale." Alionyesha kwa kidevu. Kuku walikuwa wamekusanyika mahali pamoja uani wanadonoa udongo mtupu, na alipowatupia jiwe katikati hawakutawanyika. "Niliporudi ndani nilikuta shuka alilojifunika mume wangu limelala bapa kitandani. Waliobeba jeneza walitazamana, kwa wepesi wake."

Hasira zilimpanda Kokuberwa mpaka akasahau heshima. "Ukayajua yote hayo, ukatuuzia! Una roho gani wewe?"

"Nilitaka kuishi," Bi Hija alisema, akarudia mchicha wake. "Ungekuwa mie, ungeuza."

Kokuberwa aliondoka bila kuaga. Alipita kwa Shomari akachukua kopo la oili nambari tisini, na njia nzima akapanga. Hatamwaga yote kwa pupa. Atatoa kikombe kimoja, atie kikombe cha oili ya dukani. Kesho kingine. Kidogo kidogo, mpaka ndani ya giaboksi ibaki oili ya halali, na mume wake asimwagike kwa mara moja. Lilikuwa wazo zuri, na hakuwa na jingine.

Alifika Kimara magharibi. Audax alikuwa kitandani, hawezi tena hata ukuta. Kokuberwa alijifunga kanga kiunoni, akalala kwenye vumbi chini ya lile gari alilolichukia, akaifungua nati.

Mafuta yalitoka yenyewe, yana uvuguvugu, yanataka kutoka. Yakamwangukia kiganjani kabla hajaweka kikombe. Ukucha mdogo ulielea juu yake. Mwili mzima ulimsisimka kwa kinyaa, lakini alikinga. Kikombe kikafika nusu.

Ndani ya nyumba, Audax aliguna.

Kikombe kikajaa.

Audax akalia. Kilio kilianza kwa nguvu, kikakatika katikati.

Kokuberwa alikaza nati kwa mikono inayoteleza, akakimbilia ndani na kikombe bado mkononi. Taa ya chemni ilimwonyesha alichokuwa hataki kuona. Mashavu ya mume wake yalikuwa yameingia ndani. Kope zilikuwa zimepungukiwa, hazikuweza kuyafunika macho. Kikombe kimoja tu! Kikombe kimoja kilichotolewa mle ndani ndicho kilichokuwa nyama ya mashavu yake.

"Audax. Baba. Ninachokifanya nakifanya kwa ajili yako, unanisikia?"

Midomo ilicheza. Alimwekea sikio.

"Nirudishie..."

Alitazama kikombe. Alimtazama mume wake. Aliwaza kumwita padri, aliwaza kumwita Shomari, na akajua kuwa kabla hajafika barabarani shuka litakuwa limelala bapa. Basi alivuta kigoda, akakaa, akachukua kijiko.

Akamlisha.

Kijiko cha kwanza alikipeleka akiwa ameangalia ukutani. Cha pili aliangalia, kwa sababu kilimwagikia kidevuni na ilibidi amfute. Audax alimeza, na shavu moja likainuka kidogo, likapata rangi. Kokuberwa alilia kwa furaha na kwa kichefuchefu, vyote kwa pamoja. Cha tatu. Cha nne. Kope zikashuka, zikafunika macho.

Hapo ndipo harufu ilipobadilika.

Haikuwa tena ya shuka la mgonjwa. Ilikuwa ya sabuni ya kunyolea, ya wino, ya kola ya shati lililopigwa pasi ya mkaa. Ilikuwa ya shingo ya Audax nyuma ya sikio, jinsi ilivyokuwa alipokuwa bado karani, mnene, anacheka. Alikuwa amemkumbuka sana mtu huyo. Alifumba macho apumue harufu ile kwa kitambo tu, mkono ukiendelea na kazi yake, unachota na kupeleka, unachota na kupeleka.

Alipoyafumbua, kikombe kilikuwa kitupu. Kijiko kilikuwa safi, kinang'aa, na midomo yake mwenyewe iliteleza kwa mafuta. Na Audax alikuwa amelala zamani, mdomo ameufumba, tangu kikombe kikiwa nusu.