Kinundu cha Mfalme

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Ekbatana, Sposak mchongaji aliporudi karakana ya sarafu kumalizia kazi. Mfalme mpya alitaka sura yake iwe mikononi mwa askari kabla ya giza. Sura ya ndugu yake, aliyemzamisha ndani ya pipa la mvinyo siku saba zilizopita, hakutaka kuiona tena.

Na alitoa onyo. Wafalme wote wa ukoo ule walichongwa kwenye sarafu wakiwa na kinundu kwenye kipaji cha uso. Yeye hakuwa nacho. Mchongaji aliyetangulia alikiweka kwa mazoea tu, akakatwa mkono. Sposak alichonga kipaji laini kabisa kwenye chapa, chuma cha kugongea sura.

"Shemeji, tuziyeyushe sarafu hizi za marehemu," alinong'ona.

"Uso wa maiti motoni?" Rashnu, mpiga nyundo, akashtuka. "Moto wetu ni mtakatifu, haunajisiwi hivyo. Weka hapo, nigonge sura mpya juu yake."

Ngo!

Sposak akaiokota sarafu. Ndevu za mfalme mpya, taji lake...

Na kinundu.

Akakisugua kwa kidole. Kikabonyea, kama nyama.

Harufu ya mvinyo uliochacha ikajaa chumbani.

"Umekunywa wewe?" Sposak akauliza.

"Hata tone, shemeji! Naapa!"

Akakagua chapa. Laini. Wakagonga kumi nyingine. Zote zilikuwa nacho.

Kwato zikasikika uani. Kapteni wa walinzi akaingia, akachukua sarafu, akaisogeza kwenye taa. Sposak akauficha mkono wake wa kulia mgongoni.

"Nani amekwambia?" kapteni akauliza kwa sauti ya chini.

"Nini, bwana mkubwa?"

"Kinundu. Kimemwota mfalme leo mchana. Tulioona ni watatu. Wawili hawapo tena." Akaitazama tena sarafu. "Na anaongea kwa sauti ya ndugu yake... Anaomba tumtoe pipani."

Akazikusanya zote.

"Endeleeni kugonga. Ila nikisikia kitu kingine kimejulikana hapa kabla ya ikulu, mkono huo ni wangu."

Akatoka. Rashnu akainua nyundo, maana amri ni amri.

Ngo!

Sposak hakutaka kutazama. Akatazama.

Kwenye sarafu, mfalme alikuwa amefumba macho.

Kutoka ikulu wanawake wakaanza kuomboleza. Barabarani, farasi wa kapteni na watu wake wakasimama... kisha wakageuka kurudi karakana.